Uji wa Bi Zuhura

Jamani, leo nimelishwa uji nisiostahili hata kuunusa.

Mnajua ghalani kwetu, tunakochambua sandarusi, ule utomvu mkavu wa miti, tajiri ni mwema. Ukiumwa unakaa nyumbani, na posho yako unaipata kamili. Ila ruhusa ni ya mtu mmoja tu kwa siku.

Alfajiri nikapeleka habari kwamba nina homa.

Homa sina, Mungu anisamehe. Nilitaka kupaka hina kwa harusi ya mpwa wangu.

Alasiri, hina bado mbichi, huyo Bi Zuhura, mwenzangu wa ghalani, na bakuli la uji! Nikaficha mikono chini ya shuka.

"Kunywa, shoga."

"Siwezi kushika bakuli."

"Maskini! Haya, fungua mdomo."

Akanilisha kijiko kwa kijiko. Mkono wake uliponigusa shavu, ulikuwa wa moto.

"Zuhura, mbona na wewe unaumwa?"

"Tangu jana. Lakini leo uliwahi wewe kuomba. Nikaenda, nikachambua na fungu lako."

 Nikatoa mikono nje ya shuka.

Akaitazama hina. "Itakolea vizuri," akasema, akachukua bakuli lake akaenda zake.

Nishaurini, wenzangu. Nimfuate kwake sasa hivi, au nitakuwa namsumbua mgonjwa ili moyo wangu mimi upoe?