Dada Mzungu wa Baba Yangu

Enzi zetu, mtu akitaka kusimulia jambo alianza kwa kuwataja waliokuwepo, ili kama ni mwongo akamatwe mapema. Basi na mimi naanza nao. Alikuwepo mama yangu, Agripina. Alikuwepo shangazi Delfina, dada mkubwa wa baba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Alikuwepo Baba Mkubwa Alfonsi, kaka yake baba, ambaye mtamjua zaidi kuliko yeye angependa. Alikuwepo Mwalimu Zakaria, katekista, mtu pekee kijijini aliyevaa miwani, ingawa kioo kimoja kilishatoka. Alikuwepo Halina, Mzungu wa Polandi, na binti yake Danuta. Alikuwepo Mwingereza mmoja, mkubwa wa kambi, tuliyemwita Bwana Kambi. Jina lake nalijua ila silitaji, wajukuu zake hawajanikosea kitu. Na mimi Paskazia, miaka saba hivi, kamasi puani. Baba yangu, Lukelo Kihwele, hakuwepo, na hicho ndicho kisa chenyewe.

Mimi niliishia darasa la pili, msitafute nukta na mkato mahali pake. Nakaa Soweto hapa Mbeya kwa mjukuu wangu Neema, na daftari hili ni lake. Neema yuko kwenye shirika linalosaidia watu waliokimbia vita nchi za jirani, na wale waliokamatwa vitani wakafungwa bila ndugu zao kujua walipo. Kazi njema, siicheki. Nacheka mengine. Mwezi uliopita walikaa semina hotelini siku tatu, chai na sambusa, wakifundishwa namna ya kumkaribia mtu aliyefiwa. Akarudi na cheti. Kisha akanionyesha picha kwenye simu: mfuko mmoja wa unga umeshikwa na watu wanane wenye fulana za rangi moja, wote macho kwenye kamera, kama wamebeba jeneza la mtu wasiyempenda. Nikamuuliza, anayepewa ni yupi? Akaikuza picha, akaisogeza huku na huku, akanionyesha kiwiko.

"Huyo hapo, Bibi."

Kiwiko. Nilicheka mpaka nikaomba maji. Ndipo nikasema niandike, wazee wenzangu mliobaki mcheke na ninyi.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, kule kwetu Iringa kando ya barabara iendayo Mbeya, baridi ya mwezi wa saba ilikuwa baridi kweli, si hii ya sasa ambayo vijana wanaivalia makoti ya kupigia picha. Asubuhi majani yameganda, tunakanyaga peku mpaka miguu inakufa ganzi, halafu tunamvizia ng'ombe akojoe tupate pa kuipasha. Usijifanye kushangaa, na wewe ulifanya. Tulikula kande, tulikula viazi vilivyookwa kwenye majivu, tukacheza mdako mpaka vidole vikachubuka. Shule ilikuwa mchangani chini ya ukuta wa kanisa. Tuliandika kwa kidole, mvua ikinyesha darasa zima linafutika, kesho tunaanza upya na a. Leo mtoto ana madaftari manane na hajui babu yake aliitwa nani.

Baba alikuwa amechukuliwa vitani. Wazungu waligombana wao kwa wao huko kwao, wakaja mpaka kwetu kumchukua baba yangu akawachimbie mahandaki. Ilikuja barua moja, ya pili haikuja. Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Hapo Baba Mkubwa Alfonsi akaanza kufika kwetu kila jioni. Alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, katikati ya hapo ana wake wawili, na sasa alikuwa ameona nafasi ya wa tatu. Akija anaketi kwenye kigoda cha baba, ananyoosha miguu motoni kwetu, anasifia mboga ambayo hakualikwa. Akiondoka, mama anakiosha kigoda kwa maji na majivu na kukigeuza juu chini. Mwisho akalisema wazi: mdogo wake amekufa, ulanzi, pombe yetu, ukianza kutoka kwenye mianzi utagemwa wa kutosha, ukoo utakaa msiba, msiba utaisha, na yeye atamrithi mjane.

Mama akamjibu, "Shemeji, mtu anazikwa akifa. Hazikwi akichelewa."

"Basi niletee neno lake," akasema Baba Mkubwa. "Neno moja tu kabla ya ulanzi."

Neno lingetoka wapi? Hicho ndicho kilichomnyima mama usingizi.

Mwaka huo huo ndipo walipoletwa Wazungu wa Polandi, wakajengewa kambi mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Sisi Mzungu tuliyemjua ni wa kubebewa mizigo. Hawa walibeba maji wenyewe, walilima wenyewe, na karibu wote walikuwa wanawake na watoto, wembamba, vitambaa kichwani. Kabichi walilikata wakalichachusha kwenye pipa, na wanaume wa kijiji wakapita pale juma zima wakiulizia pombe hiyo itaiva lini. Shangazi Delfina alipeleka mayai huko, akarudi hana raha. Akatuambia kule hakuna wanaume, wanawake wanaimba jioni na katikati ya wimbo wanalia.

"Ule ni msiba," akasema. "Na sisi majirani hatujaenda kuhani."

Aibu ikatushika. Msiba mlangoni kwako, na wewe unauza mayai! Kesho yake wanawake wakajikusanya kama ishirini, kila mmoja na mzigo wa kuni, wengine unga, wengine maharage, tukaenda, Mwalimu Zakaria mbele. Kwetu mfiwa hapigiwi kelele za salamu, kamwene, kamwene, tangu getini. Unatua kuni, unakaa chini, unanyamaza mpaka mwenyewe ainue kichwa. Tukatua mizigo karibu na jiko lao, tukaketi ardhini kimya.

Wale Wazungu wakachanganyikiwa. Mmoja akakimbia kuleta pochi akidhani tunauza kuni. Shangazi akaficha mikono kwapani kana kwamba ameonyeshwa nyoka, maana kulipwa kuni za msibani ni laana. Akaitwa Bwana Kambi, akaja na karatasi zake, na Mwalimu Zakaria akawa mkalimani. Bwana Kambi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: karatasi yenye mahali pasipojazwa ilimtoa jasho.

Akasema, "Waambie hapa msaada unatoka kwa Serikali kuja kwa hawa. Kutoka kwa wenyeji kwenda kwa Wazungu hakuna. Sina mahali pa kuziandika kuni hizi."

Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga na Kihehe, akasema, "Mwalimu, mwambie hatukuja kwenye karatasi, tumekuja msibani. Kwetu, anayekuletea kuni ukiwa na msiba ni ndugu yako. Ndugu haombi ruhusa."

Ndipo Halina akatoka jikoni, mikono ina unga. Mwalimu Zakaria alikuwa na Kijerumani cha misheni, Halina alikuwa na Kijerumani alichojifunza kwa mateso, wakakutana humo. Mwalimu akamweleza tumekuja kufanya nini. Halina akazitazama kuni. Kisha akaja akaketi chini pembeni ya mama, akainua vidole vitatu, akavikunja kimoja kimoja: mume amechukuliwa na hajulikani alipo, kaka vilevile, mtoto mchanga amemzika njiani. Shangazi Delfina hakungoja tafsiri, akaanza kulia kwa sauti ile ya kuita ng'ombe, na kambi nzima ikaitikia. Tulilia mpaka jua likapinda. Bwana Kambi akaenda kula.

Hiyo ndiyo semina ya Neema. Mama aliifaulu akiwa amekaa chini, na cheti chake kilikuwa matako yenye vumbi.

Tangu hapo mama na Halina wakawa wanatembeleana. Mimi na Danuta tulicheza mdako, na niseme ukweli, alikuwa anaiba kete. Ndipo mama akasikia kuna meza pale kambini ambapo mtu anajaza fomu ya ndugu aliyepotea vitani. Fomu zinakwenda kwa watu wa huruma, hao wanazipeleka hata kwenye kambi za mateka, upande wa adui, na kuuliza: fulani yuko hapa? Mama akavaa kitenge chake kimoja kizuri, akaenda na Mwalimu. Bwana Kambi akasikitika kwa adabu. Fomu ni za Wapolandi, akasema, hii ya kwako haina njia. Mama akarudi, akakivua kitenge, akakikunja. Na miezi ya kungoja ulanzi ilikuwa inahesabika.

Halina alipojua, akaenda kwenye meza ile na fomu yake mwenyewe. Mstari wa kwanza aliandika mume. Wa pili, kaka. Wa tatu akamwita Mwalimu Zakaria amtajie herufi moja moja: Lukelo Kihwele, wa kijiji fulani, wilaya ya Iringa. Uhusiano: kaka.

Bwana Kambi akaisoma, akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, huyu kaka yako wa Iringa. Baba mmoja au mama mmoja?"

Halina akamjibu kwa Kiswahili alichopewa na mama yangu: "Kuni moja."

Bwana Kambi akaitazama fomu upande huu na huu akitafuta mahali pasipojazwa. Hapakuwepo. Akagonga muhuri.

Mvua zikaja, ulanzi ukatoka. Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa anagema asubuhi na jioni kwa bidii ambayo shamba lake halikupata kuiona. Siku ya msiba ikapangwa, ukoo ukafika, na mbeta, vile vyombo vyetu vya mwanzi, zikajazwa zikasimamishwa ukutani. Mnajua ulanzi haumngoji mtu. Ukikaa siku mbili unakuwa mkali wa kuchoma koo. Watu wameshaketi, mama ameinamisha kichwa anangoja kuambiwa yeye ni mjane, tukamwona Halina anakuja njiani ameshikilia kitambaa cha kichwa, tope mpaka magotini, Danuta nyuma yake. Mkononi ana kadi.

Mwalimu Zakaria akaisogeza kwenye kile kioo kilichobaki. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili na mfungwa mwenzake baba, maana baba hakujua kuandika. Akasoma: "Niko hai, nimefungwa kambi ya mateka. Miguu miwili, mikono miwili. Nimepata salamu za dada yangu Mzungu. Kaka Alfonsi, wewe ndiye mkubwa, nieleze. Baba yetu alisafiri lini kwenda Ulaya?"

Baba Mkubwa akakohoa, akasema karatasi yoyote inaweza kusema niko hai.

"Kweli, shemeji, inaweza," mama akasema, na ameshaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Lakini nani mwingine duniani angekukejeli wewe kutoka kifungoni?"

Hapo ukoo wote ukaanguka kwa kicheko, maana kweli, hakuwa mwingine, ni Lukelo. Mama akaingia ndani, akatoka na kigoda cha baba, akamkalisha Halina, dada wa mwenye nyumba. Baba Mkubwa akasimama. Ulanzi wa msiba ukanywewa kwa furaha, na aliyekunywa mwingi zaidi namfahamu na ninyi mmeshamfahamu. Baadaye kabisa ndipo Mwalimu akatuambia alichoambiwa na Halina alipomsindikiza kurudi kambini: majibu yalikuja matatu. Ya mume wake, hajulikani alipo. Ya kaka yake, hajulikani alipo. Katika mistari yake mitatu, aliyepatikana alikuwa wa kwetu.

Vita ilipoisha baba akarudi, amebaki mifupa na utani. Kitu cha kwanza alikata kuni, akaubeba mzigo kichwani mwenyewe, mwanaume mzima, watu wakimcheka njia nzima, akaupeleka kambini kumsalimu dada yake. Alitua kuni, akakaa chini. Halafu siku moja yakaja malori, Wapolandi wakapakiwa kupelekwa nchi ambazo hata wao hawakuzijua. Danuta aliniachia kete zake zote tano. Mbili zilikuwa zangu.

Mwaka huu nilimwambia Neema, ninyi si mnatafuta watu? Nitafutie Halina, au watoto wa Danuta. Akafungua kompyuta yake, akaniuliza kwa upole ule wa semina, "Bibi, jina la ukoo nani?" Silijui. Mimi, ninayekumbuka mpaka jina la mbwa wa Bwana Kambi. Hatukuwahi kumuuliza. Alikuwa dada, nani anamuuliza dada yake jina la ukoo? Yeye aliliandika la kwetu herufi kwa herufi, sisi la kwake hatunalo, na mashine ya Neema bila hilo haiendi.

Na picha hatuna. Enzi zetu tulikuwa na jina bila sura. Wajukuu wetu wana picha elfu za sura, na chini yake wameandika "wanufaika". Siku vita ikiwatenganisha hao na mama zao, watamtafuta mnufaika yupi, yule wa kiwiko?

Basi kama nimekosea, nisahihisheni. Kama kitenge cha mama kilikuwa gauni, kama Delfina alikuwa dada mdogo na si mkubwa, kama aliyekuwa anaiba kete ni mimi, semeni, sitakasirika. Na kama yuko mzee kule Iringa aliyepata kulisikia jina la ukoo la Halina, hata nusu yake, alilete Soweto kwa Bibi Paskazia. Siku hizi tunapikia gesi, lakini kuni nimeziweka.