Sanda Iliyoshindiliwa Tairini

Mzee wa Bigwa aliyekuwa akituuzia ndizi na magimbi amefariki, na juzi tumemzika shambani kwake, chini kidogo ya njia iendayo mlimani. Desturi ni kuandika kwa upole mtu akitutoka, lakini leo sina upole. Pale kaburini alisimama msemaji mmoja, mtu wa heshima zake, akatueleza kwamba marehemu ndiye fundi wa kwanza wa tairi katika wilaya yetu; kwamba enzi za Mjerumani alimtengenezea mzungu pancha ya pikipiki kwa matambara, na mzungu akaondoka amefurahi. Watu wakacheka, wengine wakapigana mabega. Siku hiyo inayochekwa mimi nilikuwepo, na nguo ile haikuwa tambara.

Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilikuwa vimekwisha kuanza na meli haziji tena. Chumvi iliadimika, na nguo ndiyo usiseme. Wanawake wa milimani walikuwa wakivaa viraka vilivyoshonewa juu ya viraka. Mama wa huyu mzee tuliyemzika juzi alikuwa mtu wa kuona mbali. Kabla maduka ya mjini hayajaishiwa mali, alinunua bafta nyeupe, akaikunja na udi ndani ya kikapu, akawaambia wanawe kwamba hataki kuzikwa na gunia. Alipofariki, sisi vijana wa jirani tulikwenda kuchimba kaburi. Tulikuwa tunarudi uani kunawa tuliposikia pikipiki ikinguruma barabarani, kisha ikakohoa, kisha kimya.

Siku hizi kijana akipata pancha anabandika kiraka, anajaza upepo, anaendelea na safari yake. Yule bwana mkubwa wa Kijerumani hakuwa na mpira wa ndani wa akiba, na ule aliokuwa nao ulikuwa umezibwa mpaka kiraka kipya kikakosa pa kushika. Alikuwa ameutupa, akawa anashindilia majani makavu ndani ya tairi, na majani yamesagika yakamwagika njiani kama pumba. Alipanda kuja nyumbani kwa wafiwa akiwa na kiboko mkononi, na askari wake aliyekuwa akipanda kwenye kigari cha ubavuni akimfuata nyuma. Askari yule alikuwa mtu mweusi kama sisi, na Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Bwana anataka nguo," alisema. "Yoyote, mradi iwe ndefu."

Shangazi wa huyu mzee wetu alitoka mlangoni, mikono ikichuruzika maji. "Baba, hapa pana msiba. Mama wa nyumba hii yuko ndani, tunamwosha."

Askari akatafsiri. Bwana alinyoosha kiboko chake kuelekea mkekani, ilikotandazwa bafta ikingoja kukatwa.

"Hiyo ni sanda," alisema marehemu wetu, wakati huo kijana kama mimi. "Mwambie ni sanda ya mama yangu."

"Nimemwambia." Askari alikuwa anatazama chini. "Anasema maiti hasikii baridi."

Wasomaji wangu, hakuishia kuichukua. Alimlazimisha marehemu wetu aibebe mwenyewe mpaka barabarani, apige magoti, aishindilie ndani ya tairi kwa mpini wa mwiko. Tulisimama kando tukimtazama. Kila alipotulia, askari alisema, "Shindilia, bado kuna uwazi," na yeye alishindilia, uso umekauka, midomo ikitembea. Nadhani alikuwa akisoma dua. Kazi ilipokwisha bwana alilipiga tairi teke kulijaribu, akatamka neno moja la kwao la kusifu, akapanda, akaenda zake akiyumba. Ndiyo hiyo furaha ya mzungu tuliyohadithiwa kaburini.

Tulimzika mama kwa nguo zetu. Mimi nilitoa kanzu yangu ya Idi, wajomba wakafungua vilemba, shangazi akaunga vipande huku akilia kwa sauti ya chini ili asisikiwe na majirani. Kesho yake marehemu wetu alikwenda bomani. Mlinzi alipomuuliza shida yake, alisema, "Nimekuja kuchukua sanda ya mama yangu." Akalazwa kifudifudi akachapwa. Mgongo ulipofunga vidonda alikwenda tena, akasema maneno yale yale, akachapwa tena. Nilimfuata nyumbani nikamsihi.

"Kaka, watakuua hawa."

"Wakiniua, watakuwa wamenijibu," alisema.

Hawakumjibu. Waingereza walipokaribia mji, Wajerumani walikimbilia kusini, na tukasikia kwamba pikipiki ya yule bwana imeachwa korongoni upande wa pili wa milima. Nilimsindikiza. Tulipita mashamba yaliyoporwa na majeshi yote mawili, tukalala kwa watu wasio na chakula cha kutukaribisha. Tulikuta chuma kimechomwa moto, magurudumu yamebaki nyaya. Alichutama, akapitisha vidole katika jivu la gurudumu la nyuma, polepole, kuzunguka lote. "Imeungua," aliniambia. "Twende nyumbani."

Haya mliyajua? Basi na hili hamkulijua: kuanzia nguo iliporudi madukani, mtu huyu hakukosa bafta ndani ya nyumba yake. Ilikuwa ikisikika Bigwa au huko juu kwamba mahali fulani pana maiti na wenyewe hawana kitu, mlangoni wanamkuta yeye na nguo kwapani. Hakuuliza wafiwa ni Waislamu au ni watu wa misheni. Aliikabidhi, akawapa wazee shikamoo, akaondoka kabla hajashukuriwa. Wako waliomwona mtu wa ajabu, mwenye kupenda misiba. Mimi nilijua kila nguo aliyoitoa aliitoa kwa ajili ya nani.

Kinachonichoma si msemaji mmoja tu. Nawasikia watu wazima vibarazani wakiusifia utawala ule: Mjerumani alikuwa mkali lakini mambo yalinyooka, alijenga, alileta nidhamu. Vijana wanaitikia kwa vichwa. Ni kweli reli ipo na boma lipo, mawe yake hayajatikisika. Lakini anayesema mambo yalinyooka aseme pia yalinyooshewa juu ya mgongo wa nani. Utawala uliomvua maiti nguo ili bwana asichelewe safari yake haukuwa na nidhamu yoyote. Ulikuwa na silaha, basi. Na sisi tulioonja tunazidi kupungua, kila mwezi tunamfukia mmoja, na juu ya kaburi lake anasimama mtu wa kutuchekesha.

Wazee waliobaki mnao majumbani. Wakalieni karibu, waulizeni wangali na pumzi ya kuukanusha uongo. Na yule atakayepewa nafasi ya kusema makaburini, kama hajui marehemu alitendwa nini, amwombee rehema, anyamaze, akae.