Koko Alisali Ndani ya Mashine

Yaya Nzigire, dada yangu mkubwa, anakataa vichwa vya watu. Njo kazi yake, siongezi kitu. Katika group ya familia namwita Daktari Feli, naye ananijibu na sticker ya mbuzi.

Bon, nieleze. Hapa Columbus kuna watafiti wanaowapiga watu picha za ubongo kwa mashine ya MRI, wanatafuta kusahau kwa wazee kunaanzia wapi. Programu inachukua zile picha na kuchora uso wa ubongo, mikunjo yote, kwa mistari miwili: wa njano ndani, mwekundu nje. Lakini programu iko kama mimi kwenye mtihani: isipojua, inabuni. Donc lazima mtu apitie picha moja moja, aone kama mstari umefuata ubongo kweli au umepotea njia. Huyo mtu ni yaya, nyumbani kwetu Reynoldsburg, na sahani ya maharage kando ya kompyuta.

Haniruhusu kuangalia. Naona tu mistari ikitembea ndani ya miwani yake. Ila kitu kimoja aliniambia, na bado kinanifuata: vichwa vinakuja bila sura. Vinafutwa macho, pua na mdomo, ili mtu asitambulike. Masikio yanabaki.

"Kwa hiyo wanakusikia?" nilimuuliza.

"Chimène, kula."

Mwezi wa pili, wiki chache kisha kumzika Koko Veridiana, bibi yetu, mistari ilisimama ndani ya miwani. Yaya alikuwa ameshika sikio lake la kushoto, hapa chini kwenye hereni.

Sikio la kushoto la Koko lilikuwa limepasuka. Hereni ilinaswa kwenye kitambaa siku ya ndoa yake, ikachana nyama, na yeye akaendelea kucheza. Mwaka uliopita alikubali kuingia ndani ya ile mashine kwa sababu yaya alimwambia: kichwa chako kitasaidia watoto wetu wasikuje kusahau majina kama weye. Akavaa kitenge kipya. Fundi akamwambia asitingike. Alipotoka alijisifu njia nzima.

"Sikutingika hata kidogo. Nilisali tu."

"Kwa mdomo, Koko?"

"Sasa weye, nilale mu kaburi ile, inapiga makelele vile, na mi ninyamaze?"

Tulicheka mpaka parking. Kumbe mdomo ukitembea, taya inatembea, na kichwa kinafuata. Picha inatoka na mawimbi, kama maji yaliyotupiwa jiwe, na ule mstari unalewa.

"Ni yeye?" nikamuuliza yaya, bado ameshika sikio.

"Sijasema kitu."

"Mupitishe tu, yaya. Nani atajua? Hana hata sura."

Nilitaka kuchekesha. Hakuna aliyecheka.

"Hapa programu imebuni," akasema polepole. "Nikipitisha, watasema Koko alikuwa hivi. Hakuwa hivi."

Simu ikalia, Tantine Béatrice, binti ya Koko, kutoka Louisville.

"Nzigire, kichwa ya mama ilisaidia? Watu ya kanisa banauliza."

"Bado wanaangalia, Tantine."

Kisha kukata simu, yaya aliandikia kazini kwamba kichwa hiki anakijua, hawezi kukihukumu. Wakakituma kwa mwenzake wa Buffalo, mtu ambaye hajawahi kula ugali wa Koko. Jibu likaja kesho yake: mawimbi mengi, hakipiti.

"Wanakifuta?"

"Hapana. Kinawekwa kando. Hakihesabiwi."

Donc kuna mahali wamewekwa wote waliotingika: waliokohoa, waliosinzia, waliojikuna. Hawana sura, wana masikio. Na Koko katikati yao.

Yaya akapiga simu Louisville mwenyewe.

"Tantine, haikupita. Alikuwa anasali ndani."



"Alisali nini?" Tantine akauliza.

Yaya akaniangalia. Nikaangalia maharage. Siku ile njia nzima tulicheka, na hakuna aliyemuuliza.

"Sijue, Tantine."

Siku hizi, kikija kichwa chenye mawimbi, yaya hakikatai palepale. Anasogea karibu na kompyuta, anageuza sikio kidogo, anangoja. Halafu ndipo anabofya.

Juzi nilimwita tena Daktari Feli kwenye group. Mbuzi hakuja.