Saga za Mideva Juu ya Simiti

Chekalini nzima haikuwa na mwanamke aliyependa usafi kama Mideva. Sufuria zake alizisugua kwa majivu mpaka ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Kuku akichafua uwanja, alifuatwa na ufagio hadi kwa jirani. Na uwanja wenyewe, nisije nikasahau kusema, ulikuwa wa simiti. Mzungu aliyemiliki shamba hilo kabla ya Uhuru alikuwa akikamulia ng'ombe hapo. Lazarus, mume wa Mideva, alipogawiwa ploti miaka ya sitini, alijenga nyumba pembeni mwa sakafu ile ili mkewe asisumbuliwe na matope.

Lazarus alifariki mwaka wa tisini na moja, wana wakagawana shamba. Mideva akabaki na nyumba, sakafu ya simiti, mfereji wa simiti uliokuwa ukipitisha mkojo wa ng'ombe, na hori refu la kuwanyweshea, nalo la simiti. Mahindi aliletewa, hakulala njaa. Lakini mboga! Mama aliyepanda saga, ile mboga chungu ya kienyeji, kunde na mrenda tangu akiwa msichana, sasa anangoja mkaza mwana amkumbuke. Na kwao mgeni hatoki mikono mitupu. Mwenye nyumba humchumia mboga, akamsindikiza nazo mpaka njiani. Mideva alianza kuwaogopa wageni. Akisikia hodi moyo unamruka, maana alijua wataondoka vile walivyokuja.

Onesmus, kifungua mimba wake, mtu wa moyo mzuri na sauti kubwa, alikuwa amekwisha kuamua. "Mama, huwezi kuishi juu ya simiti kama mjusi. Mvua ikianza nakuhamisha kwangu Mautuma. Hii nyumba tutabomoa."

Mideva aliokota ufagio. Alijua maana yake ni kula chunguni mwa mwanamke mwingine mpaka siku ya kuzikwa.

Samaki waliletwa na mbu. Maji yaliyosimama horini yalijaa viluwiluwi, na mzee Osundwa, aliyekuwa na kidimbwi cha samaki kule Likuyani, akampa ngege wadogo kwenye ndoo. "Hawa watamaliza hao wadudu wote," akasema. Wakawamaliza kweli. Ila samaki nao huchafua, na Mideva na uchafu hawakai nyumba moja. Kila maji yalipochafuka aliyachota akayamwaga juu ya rundo la kokoto ambalo Onesmus alikuwa ameliacha pale, kisha akaenda mtoni kuteka mengine.

Asubuhi moja akaona kitu cha kijani kwenye rundo. Saga! Mbegu bila shaka ilidondoka siku alipokuwa akizipepeta. Akaondoa kokoto moja, na nyingine, na nyingine. Akaona mzizi mweupe, mwembamba, umelishika jiwe na umelowa maji ya samaki. Akafukua kwa vidole mpaka kucha zikagonga sakafu. Udongo haukuwapo.

Aliketi pale pale. Miaka yote ya kulima, magugu yote aliyoyang'oa, na hakuwahi kuuona mzizi ukiwa kazini. Alijiona kama mtu aliyesukuma mlango akamkuta mwenzake anasali. Akayarudisha mawe moja moja, polepole.

Kisha akamwita Phoebe, jirani wa ng'ambo ya ua. Phoebe alikuwa mcheshi na mvivu wa kutupwa, mwanamke ambaye vyombo vya jana huviosha leo akivihitaji.

"Njoo uone. Hii mboga inakulanga nini?"

Phoebe akachungulia, akashika kifua. "Mama Onesmus, hii ni Mungu ama ni ule mwingine?"

"Ule mwingine hapandangi mboga."

Basi Mideva akajaribu. Aliujaza mfereji kokoto, akapanda saga kutoka juu mpaka chini. Asubuhi na jioni alichota maji ya hori akayamimina kichwani mwa mfereji. Yalipita kati ya mawe, yakateremka, yakaangukia kwenye debe mwishoni, naye akayarudisha kwa samaki, maana kiangazi kilikuwa kimeanza na maji ya mto ni ya kubeba kichwani. Hakufundishwa na mtu. Miche ilipochomoza akacheka peke yake uwanjani mpaka Phoebe akauliza kulikoni.

Halafu mawe yakaanza kuota utelezi. Utelezi wa kahawia, wenye harufu ya dimbwi, kwenye uwanja wa Mideva! Alichukua majivu na brashi, akasugua jiwe baada ya jiwe, akasuuza. Baada ya siku kadhaa utelezi umerudi, naye akarudi na brashi. Saga zikawa njano. Akadhani ni uchafu, akasugua zaidi. Samaki nao wakaanza kuelea matumbo juu, mmoja leo, mwingine kesho kutwa.

"Labda Mungu alinionyesha tu," alimwambia Phoebe, akilia waziwazi. "Hakunipa."

Juu ya hayo malaria ikamwangusha. Onesmus akaja kumchukua akauguzwe Mautuma. Kabla ya kuondoka, Mideva alimshika Phoebe mkono. "Pitisha maji asubuhi na jioni. Walishe samaki. Na usugue mawe, Phoebe. Usugue!" Phoebe akaitikia yote.

Kule Mautuma, kwa kuwa mzazi halali nyumba ya mwanawe aliyeoa, alitandikiwa jikoni, nyumba ya nje. Nabwire, mke wa Onesmus, alimtunza vizuri ajabu: uji, supu ya kuku, maji moto ya kuoga. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mideva alipopata nafuu alilingoja hilo jembe, likakawia, akaenda kulichukua mwenyewe nyuma ya mlango. Nabwire akalitoa mkononi mwake kwa upole. "Pumzika, Mama. Umelima ya kutosha." Mideva akarudi kitini. Wema ule ulimtia hofu kuliko ukali, kwa sababu haukuwa na mahali pa kuugombeza.

Mawingu ya kwanza yalipojikusanya, Onesmus alikodi trekta yenye trela ili wakalete vitu. Mideva akaomba atangulie asubuhi, azikunje nguo zake mwenyewe.

Phoebe alimkimbilia langoni. "Mama Onesmus, usinikasirikie! Maji nimepitisha, haki ya Mungu, na samaki wamekula. Lakini kusugua... sikusugua hata siku moja. Hiyo kazi ilinishinda."

Mideva alimpita, akazunguka nyumba, akasimama.

Saga zilikuwa zimemfika magotini. Kijani yake ilikuwa nzito, karibu nyeusi, majani mapana, mashina yamesongamana mpaka mfereji hauonekani. Chini yake kila jiwe limevaa utelezi. Horini maji yalikuwa maangavu, na ngege waliosalia, migongo minene, wakajileta kwenye kivuli chake wakidhani amekuja na chakula.

Alipiga magoti akaingiza mkono kwenye kokoto. Mizizi ilikuwa imejilaza ndani ya ule uchafu kama watoto kwenye blanketi. Hapo akaelewa. Kuna kitu kilichokuwa kikiishi katika utelezi, kikipika taka ya samaki ikawa chakula cha saga, na maji yakawarudia samaki yakiwa safi. Naye kila mara alikuwa akiliosha jiko hilo kwa majivu.

"Phoebe," alinong'ona, "nimesugua chakula chao."

Phoebe, aliyekuwa amejitayarisha kutukanwa, aliinama kando yake. Mideva alikuwa analia tena, ila uso ulikuwa unang'aa. Aliogopa, kama mtu anavyoogopa kanisani wimbo ukinyamaza ghafla.

Trekta ilifika, Nabwire ameketi kwenye trela. Onesmus na dereva waliingia moja kwa moja wakatoa kitanda, wakakiweka nje. Ndipo akaona. Akaja, akainama, akakunja mkono wa shati, akaanza kufukua.

"Mama, udongo uko wapi?"

"Tafuta."

Alitafuta. Aligonga simiti kwa kidole, akasogea mbele, akafukua tena, akagonga tena. Mwisho akavua kofia akabaki ameishika. Nabwire alichuma jani akalitafuna. "Ni chungu," akasema polepole. "Ni saga kabisa."

Mideva alikuwa ameshaanza kuchuma. Alichuma akajaza mikono, akafunga mzigo kwa kamba ya mgomba, akampa mkaza mwana. "Haya, mwanangu, twende nikusindikize." Wakaongozana mpaka barabarani, mama mbele na mgeni nyuma na mboga zake, kama inavyotakiwa.

Onesmus aliwatazama hadi walipofika kwenye trela. Kisha akakitazama kitanda kilichosimama uwanjani.

"Shika huko," alimwambia dereva. "Tukirudishe ndani."

Trela lililokuja kuhamisha nyumba lilirudi Mautuma tupu, Nabwire ameketi peke yake juu yake, saga mapajani.