Wali wa Kutafuniwa

Hasira hii nimeikalia tangu miaka ya tisini na haijapoa. Watu wakiniambia mambo ya zamani hayo, sahau, nawajibu: sahauni ninyi, ninyi hamkuwepo kwenye mkeka siku ile.

Nilikuwa nafanya kazi ya maabara hospitalini Ifakara. Nilipaka damu rangi kwenye vioo na kutafuta malaria kwa hadubini, basi, lakini ukoo mzima uliniita daktari. Nami sikuwakatalia. Kaka yangu alikuwa analima mpunga Mofu, na binti yake wa miaka sita akavimba taya. Walisema ni jino. Wakampeleka kwa mzee mmoja pale kijijini anayeng'oa meno kwa koleo, akang'oa moja. Uvimbe ukazidi. Akang'oa la pili! Walipomfikisha kwangu kwa baiskeli, shavu lilikuwa limepanda karibu na jicho.

Daktari wa wodi ya watoto alikata kipande kidogo cha ule uvimbe, kikapimwa. Majibu yalipokuja aliniita pembeni. Alisema ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazojifunza kupambana na magonjwa. Kuna kirusi kinaingia ndani ya chembe hizo na kuacha humo jeni zake, na jeni hizo zinaiamuru chembe igawanyike, na muda wake wa kufa ukifika, isife. Malaria nayo inazichokoza chembe hizo hizo kila msimu, zinazaana mbiombio, mpaka siku moja mojawapo inakosea kwenye jeni zake yenyewe na hakuna tena wa kuizuia.

"Kirusi kinapita kwenye mate," alisema. "Lakini usitafute mchawi. Bonde hili karibu kila mtu anacho tangu utotoni. Wewe unacho, mimi ninacho. Wanaougua ni wachache sana."

Mngeniona nilivyotoka pale! Kichwa kimejaa elimu. Jumapili ile kaka, mkewe na mama yetu walikuja kumwona mtoto, tukakaa mkekani kwangu kula. Wakaniuliza huu ni ugonjwa gani. Ningeweza kuanzia popote. Ningeanza na malaria. Ningeanza na kwamba sote tunacho. Mimi nikaanza hivi: "Ni kirusi. Kinapita kwenye mate."

Wifi aliweka sahani chini.

Mtoto yule alilelewa na mama yangu. Msimu wa kupalilia, na tena mpunga ukichanua ndege wakaanza kushuka, kaka na mkewe walihamia shambani kabisa, wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Mama alibaki kijijini na mjukuu. Na mama alimlisha kama alivyotulisha sisi: anatafuna wali na samaki, miiba anaitoa kwa ulimi, anavilainisha, halafu anamtilia mtoto mdomoni. Mofu nzima imekua hivyo. Kaka yangu na ndevu zake zile alikua hivyo!

"Kumbe ni mama," wifi akasema.

"Wifi, subiri, sijamaliza."

"Umeshasema mate. Sasa unataka kumaliza nini?"

Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake, na katikati ya kelele zile mama aliinuka, akanawa mikono, akatoka nje. Kaka alikuwa anaangalia mboga. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mwanaume mzima, ametafuniwa mpaka akaota meno, anashindwa kufungua mdomo kumtetea mama yake! Asante ya punda mateke, ndiyo hii.

Maneno yakafika Mofu kabla hata wao hawajarudi kwao. Huko hakuna aliyezungumzia jeni. Walisema bibi ana mdomo mbaya.

Mtoto alichomwa sindano kali. Nywele zikapukutika zote, alitapika, alilia, lakini uvimbe ulinywea siku hadi siku mbele ya macho yetu. Alipona. Jamani, alipona kabisa! Daktari akamkalisha kaka kitako, akamweleza kila kitu, kwamba bibi hana kosa lolote. Kaka akaitikia ndiyo, ndiyo. Nikamwambia, "Haya, ukifika nyumbani mwambie mama." Akasema nitamwambia.

Hakumwambia. Na mimi je? Mofu si Ulaya. Ningeweza kupanda baiskeli nikaenda mwenyewe, lakini nilijipa shughuli nyingi. Nikishamaliza kumtukana kaka, huwa najigeukia na mimi.

Nilikwenda wakati wa mavuno, nilipomrudisha mtoto, nywele zimeanza kuota. Tulimkuta mama amekaa peke yake nyuma ya jiko, anakula kwenye bakuli la bati lililobanduka rangi. Kikombe chake kilikuwa kimefunikwa kwenye kichanja chake, mbali na vyombo vya wengine. Hakuna aliyemwamuru. Alijitenga mwenyewe, na wote waliona, wakamwacha.

"Shikamoo bibi!" Mtoto alimkimbilia, akachuchumaa, akatia mkono kwenye bakuli kama alivyozoea.

Mama alilinyanyua bakuli juu, haraka, wali ukamwagika. Mtoto akabaki na mkono mtupu hewani, halafu akaangua kilio.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mtoto amepona! Si wewe! Hata daktari mwenyewe alisema si wewe!"

Aliweka bakuli mbali, akaanza kuokota punje za wali moja moja kutoka chini. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Huyo daktari mimi sikumsikia, mwanangu," akasema. "Nilikusikia wewe."