Niliitaka picha ya tochi, nikaipata

Leo nimebishana na trafiki mpaka akanionyesha picha. Bora ningenyamaza.

Natoka Makambako na pikapu ya bosi, nawahi kupakia parachichi Njombe. Ukungu mwepesi. Naingia Mjimwema, kibao cha hamsini nimekiona, sikatai. Lakini barabara ilikuwa tupu!

Mbele nasimamishwa. Trafiki, dada mmoja mpole tu:
"Sabini na mbili, kaka. Mwenzangu kakupiga tochi kule nyuma."

Nikaja juu. "Picha iko wapi? Msinibambikie!"

(Madereva wenzangu mnajua. Hakuna picha, hakuna faini.)

Hakubishana. Akafungua WhatsApp, akanigeuzia simu.

Pikapu ile ile. Namba ile ile. 72.

Na pembeni, kwenye zebra, mama mwenye mwavuli mwekundu, mguu mmoja tayari uko barabarani.

Ule mwavuli nilimnunulia mimi.

Jamani, sikumwona. Nilikuwa nimeinama natafuta chaja.

Nikampigia palepale.

"Kamwene mwanangu! Nimeshafika nyumbani. Ila kuna gari limenikosakosa pale kwenye zebra, bado moyo unanienda mbio. Nimemwombea tu huyo dereva, huenda alikuwa na mgonjwa."

Nikasema, "Pole, mama." Nikakata.

Trafiki ananitazama. "Bado unabisha?"

Nikamwambia aandike.

Nyie mngemwambia mama? Maana Jumapili nampeleka kanisani, na huwa anakaa kiti cha mbele, pembeni yangu.