Siku Niliyodungwa Dawa ya Neema

Aibu hii nimeikalia muda wa kutosha, na kwa kuwa watoto wa darasa la tatu tayari wanaiigiza wakati wa mapumziko (na yule anayeniigiza anajua kuanguka kuliko mimi), afadhali niisimulie mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ndogo ya msingi pale Skuta, Nyeri mjini. Wenzangu huniita Lakini, kwa sababu hakuna mkutano unaoisha kabla sijalitamka neno hilo. Chuo kikuu walinifundisha kuhoji kila kitu, ila hawakunifundisha pa kuachia. Muhula huo tulipata mwanafunzi mpya, Neema, mtoto wa miaka saba ambaye akila njugu hata punje moja koo hufura akakosa pumzi. Mamake alimwambia mwalimu mkuu wazi kwamba hatamwacha mtoto kwetu mpaka kila mtu, kuanzia walimu hadi mpishi, afundishwe la kufanya. Dawa yenyewe alikuwa nayo, sindano iliyofichwa ndani ya kitu kama kalamu nene, ambayo dadake alimletea kutoka ng'ambo, moja tu, maana huku kwetu kuipata ni kazi.

Basi Ijumaa moja ya Julai, kwenye baridi ile ya Nyeri inayokufanya uvae kila ulicho nacho (mimi chini ya suruali nilikuwa na taitsi ya sufu ya zambarau, ya dadangu, tusiulizane), tukakusanyika chumba cha walimu, Mama Neema naye akiwa ameleta kalamu yake. Baada ya maombi, muuguzi aliyeletwa kutufundisha, Sister, akatuonyesha kalamu ya mazoezi, ambayo haina sindano wala dawa, na ambayo alikuwa ameichora mstari mweusi ili isichanganywe na ya Neema. Unatoa kifuniko, unaigandamiza kwenye paja upande wa nje, unashikilia, mwingine anapigia hospitali simu, na mgonjwa anabaki amelala miguu juu.

"Na asisimame," Sister akasema. "Hata akiwaambia yuko sawa, msimkubalie. Akisimama ghafla anaweza kuanguka afe."

Nikainua mkono. "Lakini Sister, unasema sindano inapita nguo. Nguo za wapi? Mtu wa hapa Julai ako na suruali mbili."

"Inapita."

"Lakini nani alijaribu?"

"Wewe Lakini," mwalimu mkuu akasema, "chai inapoa."

Chai ilipoletwa wote wakasogea kwenye birika, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: nikabaki mezani nilinganishe zile kalamu mbili. Nilitaka tu kujua kama ya mazoezi inafanana kweli na ya dawa, au tunafundishwa kitu kingine kabisa. Nikazitoa zote kwenye mirija yake ya plastiki, nikazipima mkononi, nikamsikia Mama Neema akikohoa nyuma yangu, nikazirudisha upesi kama mtoto aliyefumaniwa akiiba sukari. Wewe unayesikiliza unajua tayari nilizirudisha vipi. Mimi sikujua.

Mama Neema akachukua mrija wake akaaga, aende langoni amngoje mtoto, ambaye siku hiyo alikuja kuona darasa tu, bendera ikishashushwa waondoke. Sister akatoka nyuma ya jikoni kupokea simu (ndani hakuna netiwaki) akatuambia tuendelee na zoezi, na mgonjwa awe yule wa maswali. Nikalazwa juu ya meza, miguu juu ya kreti ya soda, na mpishi wetu, Mama Shiro, akanifungua mshipi ili nipumue. Nikakoroma, nikajishika koo, nikatoa macho. Naibu wa mwalimu mkuu, Deputy Kariuki, mtu ambaye hufanya kila jambo kama lilivyoandikwa, akang'oa kifuniko, akainua kalamu, na nikaona haina mstari mweusi.

"Ngoja Deputy. Hiyo ni ya ukweli."

"Mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa," Deputy akawaeleza wenzake. "Sister alisema ni dalili."

Inapita. Inapita suruali, inapita taitsi ya sufu, na kama ningekuwa na ya tatu ingepita pia.

Nikapiga mayowe, wakanipigia makofi. Moyo ukaanza kudunda kama mashine ya kusaga mahindi, mwalimu mkuu akasema hakujua niko na kipaji. Lakini kilichonitia hofu hasa hakikuwa moyo. Kule nje kulikuwa na mtoto anayekaribia kupelekwa nyumbani na kalamu tupu, na mama anayeamini ni dawa.

"Ya Neema ndiyo hii mmenidunga," nikasema. "Aliyobeba haina kitu. Niachilieni, niko sawa."

"Hao ndio husema wako sawa," Mama Shiro akajibu, akaniegemea kifuani kwa uzito wake wote.

Sijui nilichomokaje. Najua nilipita mlangoni mbio, suruali nimeishika kwa mkono mmoja, na nyuma yangu chumba kizima cha walimu, blanketi na kreti, wakiniita nilale. Uwanjani bendera ilikuwa inashuka. Shule nzima imesimama wima, hakuna anayepepesa jicho, nami nakatiza katikati ya skauti, taitsi ya zambarau inaonekana mpaka magotini, kwa kuwa ule mkono ulioshika suruali nilikuwa nimeuinua kumpungia Mama Neema. Deputy alipoiona bendera akasimama papo hapo, blanketi mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, maana hilo nalo limeandikwa. Mama Shiro hakusimama. Alinikamata langoni, akanilaza kwenye changarawe, akaweka miguu yangu begani mwake.

"Fungua mrija," nikamwambia Mama Neema nikiwa chini.

Akafungua. Mstari mweusi huo hapo. Nikamweleza yote huku nikihema, na Sister, aliyekuja mbio kwa kelele zile, akaitazama kalamu iliyotumika mkononi mwa Deputy, aliyefika bendera ilipokwisha kushuka, akashika kichwa.

"Ungenyamaza," Mama Neema akaniuliza polepole, "ningejua lini?"



Hospitali walinitazama mpaka moyo ukatulia, na daktari aliyenihudumia alilazimika kutoka nje mara mbili kwenda kucheka. Wiki iliyofuata Neema alikaa nyumbani, nami nilipigia simu kila duka la dawa nililolijua kutoka Kagio hadi Kenol, wapi. Mwishowe daktari wa Neema aliagiza shule iwekewe dawa ileile ya chupa ndogo na sindano za kawaida, mpaka kalamu nyingine ije, na Sister akarudi kutufundisha upya. Nilikaa nyuma kabisa, mikono nimeikalia.

Jumatatu Mama Neema akamrudisha mtoto. Nilimfuata kumshukuru, nikaanza hotuba niliyoiandaa, akanikata.

"Mwalimu, si kwa sababu yako. Nimemrudisha kwa sababu ya yule mama wa jikoni. Aliambiwa mgonjwa asisimame, akakukimbiza uwanja mzima akakulaza."

Kwa hivyo nimeapa. Maswali nitauliza, siwezi kuacha, lakini nitayauliza kwa mdomo, mbele ya watu, na chai ipoe ikitaka.